Kopo la kimea "kamili" nililonunua Tanga: bia ikatoka maji

Nyota moja, na hiyo ni ya hamira.

Kopo ni la kilo 1.7 za kimea kizito cha majimaji cha kutengenezea bia nyumbani, kutoka duka moja huku Ngamiani. Wenye duka wamelibandika karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa "kamili": mimina kwenye ndoo, jaza maji hadi lita 23, weka hamira. Basi. Haidromita, kile kifaa cha kupima sukari iliyomo (maji matupu husoma 1.000), ikasoma 1.022. Jamani, hayo ni maji ya kusuuzia sufuria! Yakimaliza kuchacha yanatoa kilevi cha asilimia 2 hivi, na mdomoni hayana uzito wowote.

Bandua hiyo karatasi kwa ukucha. Chini yake kiwanda kimeandika wazi: ongeza kilo 1 ya sukari au kimea cha unga. Wameuziba mstari wenyewe wa maana! Kopo hilo bila nyongeza linatosha lita 12 tu, hapo ndipo unapata 1.042.

Nikapiga simu dukani. "Kaka, weka sukari kilo mbili, itapanda tu." Nikauliza uzito wa bia utatoka wapi, akakata. Kilevi kitapanda kweli, kitavuka asilimia 6. Lakini sukari hamira inaila yote, haibakizi kitu. Unapata kinywaji kikali na chepesi vilevile, na kwa joto la Tanga ukali huo unachoma koo.

Kama ndoo imeshaanza kuchacha, dawa yake ni kimea cha unga, na kiingie mapema, povu likiwa bado limesimama. Kwa ndoo ya lita 23, gramu 800 zinapandisha kipimo pointi 13 hivi (pointi moja ni 0.001). Ongeza gramu 250 za maltodekstrini, unga wa wanga usio mtamu sana, pointi 4 nyingine. Maltodekstrini haimalizwi na hamira, ndiyo inayobaki kuipa bia uzito. Koroga vyote kwenye lita moja na nusu ya maji sufuria ikiwa nje ya moto, la sivyo vinaganda chini na kuungua. Kisha chemsha dakika 10, ukisimama hapo hapo maana hufurika ghafla. Poza kwenye beseni la maji mpaka joto lilingane na la ndoo. Mimina taratibu ukipitisha ubavuni mwa ndoo. Usitikise: hewa ikiingia sasa, bia itakuja kuwa na ladha ya boksi lililolowa. Na usimwage unga mkavu ndani, gesi italipuka na povu litamwagika sakafuni.

Ndoo ikae kwenye beseni lenye chupa za maji ya barafu, imefungwa gunia bichi, nyuzi 20 hadi 22. Kipimo kikisimama palepale siku tatu, imekwisha. Ukipiga hesabu ya kilevi anzia 1.039, si 1.022. Ikiishia 1.011, ni asilimia 3.7 hivi.

Hamira yao, lazima niseme, ni nzuri mno: ilipopata chakula kipya iliamka saa chache tu, na harufu ni safi. Kimea nacho hakina kasoro, rangi yake inapendeza. Nilitaka kupandisha ziwe nyota tatu. Lakini kila nikiitazama ile karatasi hasira zinarudi. Kimea cha unga nimekiagiza Dar, kikaja na basi, kwa hela yangu, wakati wao waliandika "kamili". Moja inabaki moja, mpaka waibandue hiyo karatasi kwenye kila kopo lililoko rafuni.