Mnara wa Perry, Ziwa Erie: anzia sakafuni, usikimbilie lifti

Mtu wa Kisumu anayekwenda kumwona ndugu yake Ohio, Marekani, akipata siku moja ya kutembea asiimalizie madukani. Avuke hadi kisiwa cha South Bass, ndani ya Ziwa Erie. Pale pamesimama nguzo ya granaiti ya rangi ya waridi, urefu wake mita 107, iliyojengwa kuanzia 1912 hadi 1915 kukumbuka pambano la majini kati ya Wamarekani na Waingereza, Septemba 10, 1813. Jina lake rasmi limebeba mambo mawili: ushindi wa Perry, kamanda wa Wamarekani, na amani ya kimataifa. Hilo la pili ndilo linalostahili nauli.

Kisiwa hakina daraja. Feri ya Miller hutoka Catawba, huvuka kwa takriban dakika 20 na hubeba magari, kama kivuko chetu cha Luanda Kotieno kwenda Mbita. Kasoro yake ni kwamba inakushusha kusini mwa kisiwa, kilomita tatu hivi kutoka mjini, na hapo lazima utafute basi, teksi au kigari cha gofu cha kukodi. Jet Express hutoka Port Clinton, haibebi magari, lakini hutia nanga katikati ya mji wa Put-in-Bay, na mnara unaufikia kwa miguu. Aliyeandamana na mzee achukue hiyo. Viza ya Kanada haihitajiki, kwa sababu mpaka uko majini, kilomita nane hivi mbele ya kisiwa.

Uwanja na kituo cha wageni ni bure. Kupanda juu ni dola 10 kwa mwenye miaka 16 na zaidi; watoto hawalipi.

Sasa kosa wanalofanya wageni: wanaingia mlangoni macho juu, wanauliza lifti iko wapi. Simama kwanza kwenye ukumbi wa mviringo. Chini ya sakafu hiyo wamelala maofisa sita, watatu Wamarekani na watatu Waingereza, waliouana siku moja. Walizikwa kisiwani baada ya mapigano, na mwaka 1913 mabaki yao yakahamishiwa hapa, pamoja. Minara mingi ya vita humzika shujaa wake peke yake na adui akaachwa nje. Huu haukufanya hivyo, na ndiyo sababu tunausifu.

Ili ukumbi huo ukuguse, jua kilichotokea. Oliver Hazard Perry, kijana wa miaka 28, alikuwa na vyombo tisa. Robert Heriot Barclay wa Uingereza, aliyekuwa amekwisha kupoteza mkono mmoja vitani, alikuwa na sita. Meli ya Perry, Lawrence, ilibeba mizinga 20, na 18 kati ya hiyo ilikuwa mifupi, ya kurusha tufe la ratili 32. Mzinga mfupi huvunja vibaya ukiwa karibu, ila ukiwa mbali haufiki. Upepo ulikuwa hafifu, kwa hiyo Lawrence ilijikokota kuelekea adui huku mizinga mirefu ya Waingereza ikiichapa, na Niagara, pacha wake, ikabaki nyuma. Mabaharia wengi wa Lawrence waliuawa au kujeruhiwa. Perry akashuka kwenye mashua, akapigiwa makasia hadi Niagara, akarudi nayo akapenya katikati ya safu ya Waingereza. Meli zao mbili kubwa, Detroit na Queen Charlotte, zilikuwa zimenasana zikijaribu kugeuka. Saa tisa alasiri hivi mambo yalikuwa yamekwisha.

Weka hesabu hiyo ya mizinga kando ya mkataba wa Rush na Bagot wa 1817, kati ya Marekani na Uingereza iliyotawala Kanada. Katika maziwa ya juu, Erie likiwemo, kila upande uliruhusiwa vyombo viwili tu, kila kimoja kisichozidi tani 100 na chenye mzinga mmoja wa ratili 18. Yaani Lawrence peke yake ilibeba mizinga mara kumi ya ile ambayo taifa zima liliachiwa kwenye maziwa hayo miaka minne baadaye. Aliyefuatilia jinsi Kenya na Uganda zilivyovutana juu ya Migingo, na jinsi wavuvi walivyobeba mzigo wa mvutano huo, ataelewa uzito wa makubaliano yanayotaja idadi ya vyombo na ukubwa wa mzinga badala ya maneno matamu ya udugu. Tungependa tu mnara useme zaidi juu ya wenyeji wa asili waliopigana upande wa Waingereza chini ya kiongozi wao, Tecumseh. Yeye aliuawa Oktoba 1813, wiki chache baada ya pambano hili, na watu wake hawakuwa na kiti kwenye mkataba huo.

Kupanda: kuna ngazi 37 kabla ya kuifikia lifti, na hazina njia mbadala. Kwa kiti cha magurudumu au magoti mabovu safari inaishia chini. Hii ndiyo dosari kubwa ya mahali hapa. Baraza la juu liko karibu mita 97 juu ya ziwa, liko wazi, upepo ni mkali hata Julai, kwa hiyo beba sweta. Radi ikianza kunguruma hufungwa. Kule juu tazama kaskazini-magharibi, ndiko mapigano yalikotokea. Mwaka 2006 kipande cha granaiti cha kilo 227 hivi kiling'oka kwenye ukingo wa baraza hilo na kuchimba shimo uwanjani. Hakikuumiza mtu, na ukarabati mkubwa ulifuata.

Nenda kati ya Juni na Septemba, siku ya kazi, asubuhi. Jumamosi kisiwa hujaa walevi na foleni ya lifti huwa ndefu. Ratiba ya feri hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ukishuka tu gatini piga picha ubao wa saa, hasa mstari wa mwisho.