Kinywe cha magamba na kinywe cha mshipa

Kinywe, yaani grafiti, ni madini ya kaboni. Kinywe cha magamba, kama cha Mahenge nchini Tanzania na Balama nchini Msumbiji, kilianza kama tope lenye mabaki ya viumbe. Tope likazikwa, joto likapanda nyuzi 500 za Selsiasi na zaidi, kaboni ikajipanga kuwa magamba ndani ya mwamba. Kinywe huwa sehemu ndogo ya mwamba huo, kwa hiyo husagwa kisha kutenganishwa kwa povu, ambalo kinywe hushikamana nalo na kuelea. Hapa ndipo hasara huingia: ukisaga kupita kiasi, magamba makubwa, yenye bei nzuri zaidi, huvunjika.

Cha mshipa, maarufu Sri Lanka, kiliachwa kwenye nyufa na vimiminika vya moto vyenye kaboni. Mara nyingi usafi wake hupita asilimia 90, ila mishipa ni myembamba na hufuatwa chini kabisa ardhini.