Chemin de la Liberté: siku nne kuvuka Pyrenees kwa miguu, uzoefu wangu

Nimerudi juzi, vidole bado vina malengelenge, ila nimeona niandike sasa hivi maana wakati najiandaa sikupata maelezo yoyote kwa Kiswahili. Njia hii (jina lake maana yake Njia ya Uhuru) inaanzia Saint-Girons kusini mwa Ufaransa, inavuka milima ya Pyrenees mpaka Hispania, kama kilomita 60 hivi. Wakati wa vita ya pili ya dunia wenyeji waliwapitisha humo wanajeshi wa anga wa Uingereza na Marekani waliotunguliwa, pamoja na Wayahudi na vijana wa Kifaransa waliokuwa wanakwepa kupelekwa Ujerumani kufanyishwa kazi kwa nguvu. Kila Julai watu wanaitembea pamoja kuwakumbuka.

Mimi Kilimanjaro nimeshapanda kwa Marangu, nikajua hii ntaimudu kwa sababu haifiki hata mita 3,000, kumbe ugumu wake ni mwingine kabisa. Kule wagumu, yani wapagazi, wanakubebea mzigo, huku begi ni lako mwenyewe, na unapanda mlima mpaka juu halafu unashuka wote ndo uanze mwingine, siku ya pili jioni tunafika kibanda cha Subéra magoti yanatetemeka hata nikiwa nimekaa.

Ila siku ya tatu ndo sitaisahau. Ukivuka pito la mlima la Craberous unakuta mabaki ya Halifax, ndege ya mabomu ya Waingereza iliyoanguka Julai 1945, wote 7 wakafa, na vita Ulaya ilishaisha tangu Mei yani, vijana walishanusurika kila kitu. Nilichuchumaa pembeni ya kipande kimoja, bati limekunjamana kabisa lakini ribiti bado zimejipanga mstari mmoja kama alizigonga fundi jana. Hakuna aliyeongea. Mzee mmoja kwenye kundi letu alivua kofia akabaki hivyo kwenye upepo muda mrefu, na mimi machozi yalinitoka.

Usiku tulilala kibanda cha Estagnous, chakula cha moto, godoro, nikawaza wale waliotoroka wakati wa vita walipita gizani, doria za Wajerumani ziko na mbwa, wengine wamevaa viatu vya mjini au vya kitambaa vyenye soli ya kamba, na wakishafika Hispania wengi wanaishia jela kwanza.

Kasoro ni mwendo, kundi linakwenda haraka sana na mtu wa nyuma anafika wenzake wameshapumzika wanainuka, wangemfikiria na yeye. Asubuhi ya mwisho kabla ya kuvuka pito la Claouère kulikuwa na mabaka ya theluji, hapo fimbo mbili ni lazima.

Mazoezi fanyeni ya kushuka, na begi mgongoni likiwa na uzito wa kweli, angalau miezi mitatu. Buti ziwe za zamani mlizokwisha kuzizoea. Na pale kwenye ndege msichukue hata ribiti moja.