Klampu za bomba bandani kwangu Tabora: miezi minane ya kuunga mninga

Oktoba mwaka jana niliunga topu moja ya meza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza iliachia. Hapa Tabora mwezi huo mvua bado haijashuka, joto linavuka nyuzi 30 na upepo ni mkavu. Gundi nyeupe ukiipaka kwenye ubavu wa ubao, ukigeuka kuchukua nyundo imeshaanza kubadilika.

Mimi ni mwalimu, na useremala naufanya jioni na Jumamosi katika banda la nyuma ya nyumba, Isevya. Kwa miaka mingi nimebana mbao kwa kabari, kama nilivyofundishwa na mzee jirani yangu ambaye amekula chumvi nyingi kwenye kazi hii. Unapigilia mihimili miwili mezani, unalaza mbao katikati, halafu unagonga kabari mbili zinazopishana mpaka maungio yanafunga. Kwa kazi nyembamba nafungia mpira wa tyubu ya baiskeli. Njia hizi nitaendelea kuziheshimu, maana zina nguvu kweli na gharama yake ni mabaki ya mbao tu. Tatizo lake ni muda. Topu ya mbao tano ilinidai jozi nne za kabari, na kila jozi nikiigonga, ile niliyotangulia kuigonga inalegea kidogo, narudi kuikaza. Siku ile mzee alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Akaniambia, "Mwalimu, gundi imeshaota ngozi. Unabana ngozi, hubani mbao."

Wiki mbili baadaye nikainua ile topu kwa ncha moja na ungio la katikati likafunguka lote. Upande mmoja wa ubao gundi ilikuwa inang'aa, haikuwa imezama kwenye mninga hata kidogo.

Ndipo nikaagiza klampu za bomba kutoka Dar es Salaam, pea nne, zikaja kwa basi. Kwa asiyezijua, ni vifaa vya kubana mbao mpaka gundi ishike. Hununui klampu nzima, unanunua vichwa viwili vya chuma, bomba unatafuta mwenyewe. Kichwa cha mbele kina parafujo na mpini, nacho unakifunga kwenye hesi, yaani mifereji ya kuzungushia, ya bomba la robo tatu inchi. Kichwa cha nyuma kinateleza juu ya bomba, na ndani yake kuna vibati vya chuma na springi. Ukivibonyeza kinatembea, ukiviachia vinang'ata bomba. Kwangu uzuri wote wa kifaa uko kwenye vile vibati. Unasukuma kichwa mpaka kiguse ubao, unazungusha mpini mara mbili tatu, umemaliza.

Bomba nilinunua dukani hapa mjini, nikalikata vipande vya mita 1.2, na fundi bomba akanikatia hesi ncha moja ya kila kipande. Nawashauri mkate hesi ncha zote mbili. Hapo baadaye ukipata kiungio cha bomba unaweza kuunganisha vipande viwili ukabana kitu kirefu, kama ubao wa kitanda au mlango. Mimi sikulifikiria hilo, nikalazimika kurudi tena kwa fundi.

Mara hii ya pili topu ilikuwa na urefu wa sentimita 120, mbao tano za upana wa sentimita 18 baada ya randa. Klampu nne zinatosha hapo, na sababu yake inafaa kueleweka. Nguvu ya klampu haiendi mstari mmoja, inatawanyika ndani ya ubao kwa nyuzi kama 45 kila upande. Kwa ubao wa sentimita 18, klampu moja inafika sehemu ya sentimita 36 hivi kwenye ungio la kwanza. Nikaziweka kila baada ya sentimita 30 na hakuna mahali palipobaki bila kubanwa. Mbao zingekuwa nyembamba, za sentimita 6 tuseme, ningehitaji klampu nyingi zaidi, au ubao mpana wa kuweka pembeni ili usambaze nguvu.

Kabla ya gundi nilifanya jaribio kavu: nilipanga mbao, nikaweka alama za chaki, nikabana zote nne na kutazama maungio dhidi ya mwanga. Ungio likionyesha mwanga, usikaze klampu zaidi, rudi kwenye randa. Mbao zilizolazimishwa zinakumbuka; klampu ikitoka zinavuta kurudi zilikokuwa. Kwa ubavu mimi nazikunja mbao mbili zinazoungana kama kitabu, nazibana kwenye jiliwa na kuzipiga randa pamoja. Randa ikiinama kidogo, mwinamo wa ubao mmoja unafidiwa na wa mwenzake, na zikifunguliwa zinalala sawa.

Nilianza saa moja asubuhi, bandani pakiwa bado pana ubaridi. Kuanzia tone la kwanza la gundi mpaka klampu ya nne ilinichukua dakika tano. Gundi ikatoka kwa vitone vidogo vidogo kwenye urefu wote wa kila ungio, na sijui namna ya kueleza furaha niliyoipata kuona mstari ule wa vitone baada ya hasara ya mwanzo. Gundi iliyotoka usiifute kwa kitambaa cha maji, inaingia kwenye nyuzi za mbao na baadaye vanishi inaonyesha doa. Ngoja iwe kama mpira, halafu ikwangue kwa patasi butu.

Sasa kasoro, maana zipo.

Parafujo imekaa juu ya bomba, kwa hiyo ukikaza sana topu inajikunja kama kigae. Nilizipanga mbili chini na mbili juu, zikipishana, na kwenye kila ncha nikabana vipande vya mbao nene zilizonyooka, kimoja juu kimoja chini, kukatisha maungio. Bila hivyo ningetumia siku nzima kuinyoosha kwa randa.

Kasoro ya pili ni madoa. Chuma kikilala juu ya gundi mbichi usiku kucha kinaacha mstari mweusi kwenye mninga, na mstari ule hautoki kwa msasa peke yake. Siku hizi naweka kipande cha nailoni kati ya bomba na maungio. Pia mabomba na vile vipande vya kubania navisugua nta ya nyuki, ambayo hapa kwetu kwenye asali haikosekani, na gundi ikikauka inabanduka kwa kidole. Angalieni tu nta isiguse ubavu wa kuunga, hapo gundi haitashika kabisa.

Kubwa zaidi ni kuteleza. Bomba nililopata limepakwa zinki, ni laini, na pea moja kati ya nne ilikuwa na springi dhaifu. Katikati ya kukaza kichwa cha nyuma kilirudi sentimita mbili. Muuzaji nilimpigia, akasema nisubiri mzigo mwingine, na mpaka leo nasubiri. Nimepitisha tupa kwenye bomba hilo kulikwaruza na sasa linashika, lakini mtu anayetoa shilingi 38,000 kwa pea hapaswi kumalizia kazi ya kiwanda. Uzito nao si mchezo. Klampu nne juu ya topu ya mninga zinataka watu wawili kuhamisha.

Klampu niliziacha zikibana mpaka kesho yake. Gundi ya aina hii inaweza kufunguliwa baada ya saa moja hivi, ila kwa mbao za meza sikutaka haraka. Kupiga randa nilingoja siku nne nyingine, kwa kuwa maji ya gundi huvimbisha mbao kando ya ungio. Ukisawazisha mapema, zikikauka unabaki na vijifereji kwenye kila ungio.

Mvua zilianza Novemba, zikaenda mpaka Aprili. Topu iko sebuleni, karibu na dirisha, na maungio yote manne ukipitisha ukucha huyasikii. Mninga ni mti mtulivu, hautanuki sana, na fremu nimeifunga kwa skurubu zilizopita kwenye matundu marefu ili upana upate pa kuhemea. Mzee alikuja mwezi uliopita, akaipapasa, akaigonga kwa kidole cha kati, kisha akauliza kama naweza kumwazima mbili kwa ajili ya mlango wa mteja wake. Nikampa zote nne, isipokuwa nilimwonyesha ile yenye springi mbovu.

Kwa anayetengeneza stuli moja kwa mwaka, kabari zinamtosha, hasa akiunga asubuhi au wakati wa mvua. Anayeunga topu pana wakati wa kiangazi, nasema azinunue. Mimi nataka kuongeza pea mbili, kwa muuzaji mwingine, na nimeshamwomba ajaribu kila kichwa kwenye bomba na kunitumia video kabla ya kupakia basi.