Ukenda Darajani kununua laptopu, nenda na flashi mfukoni

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na tangu hapo laptopu za mtumba zina mafungu mawili. Kuna zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, zinazokubali Windows 11. Na kuna za kizazi cha 5, 6 na 7: mashine nzima, kibodi ngumu, kioo safi, lakini Windows 11 haizitaki rasmi. Mnunuzi akiambiwa hivyo huona anauziwa kitu kilichokwisha. Mimi nasema fungu hilo la pili ndilo la kuwinda, kwa sharti moja: ujue mapema utatia mfumo gani ndani yake.

Ninayoisema mimi ni mifumo huria ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, jamii ya Linux. Karibu yote haiuzwi, haihitaji kukrakiwa, na fundi hana sababu ya kukutoza "leseni". Ila iko mingi, majina yake hupanda na kushuka, na siyo yote inayofaa maisha yetu ya bando na umeme wa kukatika. Ndiyo maana naipanga hapa, lakini kwanza mashine yenyewe, maana mfumo mzuri hauponyi laptopu mbovu.

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu, mwalimu mpya wa skuli, kununua laptopu. Katika duka moja la Darajani, mjini Unguja, akatolewa ThinkPad T470. Kabla hatujauliza bei nikachomeka flashi yangu. Kijana wa duka akashtuka: "Yakhe, usije ukanifutia mashine!" Nikamwambia, "Sifuti kitu, kaka. Mfumo unawaka humu kwenye flashi. Nikiichomoa, Windows yako iko palepale." Ndivyo ilivyo. Linux nyingi huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo unaikagua mashine nzima kabla hujatoa hata shilingi. ThinkPad na Dell unabonyeza F12 inapowaka, HP unabonyeza F9.

Tukaunga Wi-Fi kwenye simu ya mpwa wangu, tukapiga sauti, tukafungua kamera, tukabonyeza kila herufi. Kisha nikafungua programu ya takwimu za umeme, ile inayosema ukweli wa betri. T470 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoka kwa chini. Ya ndani ilitoka kiwandani ikiwa na uwezo wa wati-saa 24. Kioo kikasoma kwamba sasa inajaa 11. Ya nje ilikuwa nzima. Kijana wa duka naye alikuwa anasoma kioo hichohicho, na bei ikashuka bila ya mimi kutia neno.

Betri mbili si pambo. Ya nje ikiisha unaichomoa na kuchomeka nyingine huku mashine inaendelea kufanya kazi kwa ile ya ndani. Aliyekuwa Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kizima kilipokuwa kizani, hahitaji kuelezwa faida yake. T460 na T480 nazo zina mpango huohuo. Nje ya ThinkPad, ninaziamini HP EliteBook 840 na Dell Latitude 7490: zina nafasi mbili za rami (kumbukumbu ya kufanyia kazi), zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake havikusumbui. Kwa rami, GB 8 ndiyo kiasi cha kustarehe, na diski iwe ya SSD. Afadhali SSD ndogo kuliko diski kubwa ya kuzunguka.

Usitoke dukani kabla ya kuingia kwenye mipangilio ya awali ya mashine: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Nyingi ya laptopu hizi zilikuwa mali ya makampuni, na baadhi zimeachwa na nywila. Ikikuuliza nywila na muuzaji haijui, mrudishie. Pia mulika tundu za USB kwa tochi ya simu. Ukiona ukungu wa kijani, hewa ya chumvi imeshaingia kazini.

Sasa mifumo. Ukiuliza watu watano upi unavuma, utapata majina matano, kwa sababu mvumo wenyewe hauna makazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina lilikuwa Mandrake ya Ufaransa; kampuni yake, iliyokuja kuitwa Mandriva, ikafungwa 2015. Oktoba 2004 ikaja Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikiwa na jina ambalo sisi tungelisema "utu", na ikawa inatuma sidii za bure kwa posta hadi ulimwengu wa mwisho. Mwaka 2011 Ubuntu ikageuza sura ya dawati lake (desktop), wengi wakakasirika, wakahamia Linux Mint. Baadaye katika orodha ya DistroWatch, tovuti inayofuatilia mifumo hii, ikang'ara MX Linux, na 2025 ikawa zamu ya CachyOS. Orodha hiyo huhesabu mibofyo ya wanaosoma kurasa zake, haihesabu mashine zinazotumia mfumo. Aliyeifuata tangu mwanzo angekuwa ameshafomati laptopu yake mara tano.

Mimi napima kwa mambo matatu: mfumo unakula bando kiasi gani, utahudumiwa miaka mingapi bila ya kukulazimisha kuanza upya, na ukikwama utapata wa kumuuliza.

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza ni Linux Mint, na haina mpinzani wa karibu. Ilianza 2006 kwa mikono ya Clement Lefebvre, na imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo karibu kila suluhisho lililoandikwa kwa Ubuntu linafaa kwake. Matoleo ya 22 yatahudumiwa hadi 2029. Faili la kuisakinisha ni kama GB 3. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na aliyezoea Windows hapotei. Mpwa wangu aliitazama kidogo akaniuliza, "Mjomba, ndiyo hii tu?" Ndiyo hii tu.

Lakini kilichonifanya niipende ni masasisho. Mint haishushi kitu kwa siri. Inaweka alama ndogo pembeni, unaifungua, unaona kila kifurushi na uzito wake, na wewe ndiye unayeamua: hiki leo, hivi vingine nikifika kwenye Wi-Fi ya ofisini. Kwa mtu anayenunua bando la siku, mpangilio huo ni pesa. Mashine ya GB 8 tia toleo la Cinnamon. Ya GB 4 tia la Xfce, ambalo ni jepesi zaidi na halina urembo mwingi.

Ya pili ni Ubuntu yenyewe. Toleo la 24.04 linahudumiwa miaka mitano, na mtu binafsi anaweza kujiandikisha bure kwa mashine zisizozidi tano akaongezewa hadi miaka kumi. Ndiyo inayojulikana zaidi, na mwanafunzi wa kompyuta pale SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au kwengineko atakutana nayo tu, kwa hiyo kwake yeye ningeiweka sawa na Mint. Kwa mtu wa kawaida naishusha kwa sababu mbili. Faili lake linakaribia GB 6, mara mbili ya Mint. Na baadhi ya programu zake huja kwa Snap, njia ya kusambaza programu ambayo huzisasisha bila kukuuliza. Unawasha mtandao wa simu utume barua pepe moja, kumbe nyuma yako kivinjari kinashusha toleo jipya. Mint iliizuia njia hiyo tangu 2020, na kwa bando zetu naona ilifanya vyema.

Zorin OS naipa nafasi ya tatu. Inatoka Ireland, na toleo lake la 18 lilitolewa siku ileile Windows 10 ilipoachwa, kwa makusudi kabisa. Ni nzuri kwa macho, na ukijaribu kufungua programu ya Windows inakuelekeza mbadala wake. Mzee asiyetaka kujifunza kitu kipya, mpe hii. Toleo la Core ni la bure na linatosha. La Pro lina malipo na sioni haja yake.

Kama mashine ni kongwe, ya GB 2 au 3, ruka zote hizo utie MX Linux. Imejengwa juu ya Debian, mti mkongwe wa 1993 ambao hata Ubuntu ilichipua kwake. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, kwa hiyo laptopu ya zamani sana isikutie tamaa hata ukipewa kwa bei ya kuku.

Fedora ni mfumo bora uliokosa mazingira yake hapa. Hutoka toleo jipya kila miezi sita, na kila toleo huhudumiwa kama miezi 13 tu, kwa hiyo wewe na kupakua, kupakua na wewe. Mwenye faiba nyumbani aichukue kwa moyo mkunjufu. CachyOS, hata kama ndiyo inayovuma, nayo husasishwa mfululizo. Ni ya wapenda michezo wenye mashine mpya. Na vijana wanaoniomba niwatilie Kali nawaambia wazi: Kali ni sanduku la vifaa vya wakaguzi wa usalama wa mitandao. Kuandikia ripoti ya skuli kwa Kali ni kukatia vitunguu kwa msumeno.

Wapo ambao siwashauri kuhama. Kama kazi yako inasimama juu ya AutoCAD, Photoshop au programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows, ongeza pesa ununue mashine ya kizazi cha 8, T480 kwa mfano, ubaki na Windows 11. Anayeandika barua, matokeo ya wanafunzi na mahesabu ya duka, LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, inamtosha na inafungua faili za Word, ingawa majedwali mengine husogea kidogo. Ukipeleka waraka ofisini, upeleke kwa PDF. LibreOffice pia ina sura ya Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, kwa Kiswahili, na tangu hapo mlango huo haujafungwa.

Ukiwa bado dukani, angalia kadi ya Wi-Fi. Ikiwa ya Intel itawaka yenyewe. Ikiwa ya Broadcom, huenda ikataka kiendeshi (programu ya kuiendesha kadi) cha kupakua, na utakipakuaje wakati Wi-Fi haifanyi kazi? Dawa ni kuunga simu kwa waya wa USB na kugawa mtandao kutoka humo. Linux huitambua mara moja.

Mpwa wangu alipanda boti kurudi Wete, Pemba, na T470 yake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, kwa sababu ya maji ya chumvi. Ile flashi yangu nayo nilimpa. Pale skulini kuna laptopu sita za kizazi cha 6 zimekaa kabatini tangu Oktoba 2025, na GB 3 zikishashushwa mara moja zinatosha kwa zote.