Kifyonza vumbi cha kusimama: mashine mbili, paka mmoja na mtoto mwenye pumu

Nyumbani kwetu Uyole paka hafukuzwi. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia kifua cha binti yangu kinavyopiga mluzi usiku, ushauri wake wa kwanza ni huo: mtoeni paka. Tulishamtoa mara moja. Tunaweka magunia ya mahindi na maharage stoo kutoka mavuno hadi mavuno, na msimu ule tuliokaa bila paka panya walitumalizia gunia zima, wakaguguna na mkoba wa shule. Kwa hiyo Mheshimiwa (jina alilipata kwa kulala mchana kutwa) akarudishwa madarakani. Zulia la manyoya la sebuleni nalo halitoki, maana Julai hapa Mbeya vigae vinang'ata nyayo. Na binti yupo, miaka tisa, pumu na aleji juu. Ndipo ilipoingia habari ya vakyumu, yaani kifyonza vumbi.

Ya kwanza nilinunua sokoni Mwanjelwa, kwenye mitumba ya Uingereza, pale friji, pasi na baiskeli za watoto zinapopangwa pamoja. Nilitaka ya kusimama, ile unayoisukuma mbele yako huku brashi ikizunguka chini yake. Zile za kuburuta, zenye bomba na tumbo linalofuata nyuma, nyingi zinanyonya tu, na manyoya ya paka yakishajisokota ndani ya zulia hayatoki kwa kunyonywa peke yake, yanataka kuchokolewa. Hapo sikukosea. Nilikosea pale muuzaji aliposema, "Mama, hii wati 2100, inanyonya mpaka misumari," nami nikafungua pochi. Shilingi 170,000 baada ya kuvutana sana.

Nilipoigeuza nyumbani ili niisafishe, nikakuta rola ya brashi imeviringwa na manyoya meupe marefu ya mbwa nisiyemjua. Nimelipia aleji ya Uingereza kuongezea ya Uyole!

Nguvu ilikuwa nayo, siisingizii. Zulia lilirudi rangi tuliyoinunulia. Lakini kila Jumamosi nikishamaliza, haipiti nusu saa macho ya binti yamekuwa mekundu na kikohozi kimeanza. Ya kwanza nikasema ni baridi. Ya pili nikasema ni baridi. Ya tatu mume wangu akazima taa, akawasha mashine, akamulika kwa tochi ya simu pale inapotolea hewa. Tukaona vumbi linatoka kama moshi wa kuni mbichi. Tukafunga kitambaa cheupe kwenye tundu lile, tukasafisha dakika kumi, kikawa cha kijivu.

Fundi alipoifungua akanionyesha jambo ambalo ningelijua mapema nisingetoa hata shilingi. Filta ilikuwepo, na imeandikwa HEPA. Filta ya HEPA ya kweli inatakiwa kushika angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Sasa hii ilikaa ndani ya fremu ambayo gasketi yake, ule mpira wa kuzibia pembeni, imekauka na kupasuka pande mbili. Hewa ni mvivu, ikipata upenyo pembeni haisumbuki kupita kwenye filta. Kwa hiyo mashine ilikuwa inalichota vumbi chini kwenye zulia, inalisaga kwa brashi, halafu inalirusha juu usawa wa pua ya mtoto wa miaka tisa. Fagio angalau lilikuwa linalipandisha polepole.

Wengi tunasema "aleji ya manyoya ya paka", nami nilikuwa nasema hivyo. Kumbe manyoya ni mbeba mizigo tu. Kinachosumbua zaidi ni protini iliyomo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka, wataalamu wanaiita Fel d 1. Paka akijiramba anaipaka mwili mzima, inakauka, inapukutika chembe ndogo sana ambazo zinaweza kuelea hewani kwa saa nyingi na kunata kwenye nguo, pazia na makochi. Hata ukimtoa paka leo, inaweza kuchukua miezi kabla haijapungua vya kutosha ndani ya nyumba. Ongeza utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, hawafiki hata nusu milimita, wanaoishi kwenye magodoro na mazulia wakila magamba ya ngozi yetu. Kinyesi chao nacho ni aleji. Na sisi wa nyanda za juu kwa ajili ya baridi tunafunga madirisha na kulalia mablanketi mazito ambayo kuyafua Juni ni adhabu. Ndiyo maana ukitoa manyoya unayoyaona ukarusha usichokiona, hujamsaidia mgonjwa.

Tangu siku hiyo nikienda kuangalia vakyumu sitazami inavyoingiza. Natazama inavyotoa.

Jambo la pili lililonikera kwenye ile ya kwanza ni kuimwaga. Haikuwa na mfuko, ilikuwa na kikombe kikubwa cha plastiki angavu, kizuri kukitazama kinavyojaa. Lakini kukimwaga nje kwenye shimo la taka mwezi wa Agosti, na upepo wa Uyole ulivyo, ni kujipaka vumbi usoni. Dada wa nyumbani akaanza kupiga chafya, yeye ambaye hana aleji ya kitu chochote duniani. Halafu vumbi letu jekundu la kiangazi ni laini kama unga wa sembe. Lilikuwa linaziba filta kila wiki, naiosha, naianika, na ikirudishwa mbichi nyumba nzima inanuka mbwa yule wa Uingereza.

Kwa nyumba yenye mgonjwa, basi, mimi nasema mfuko. Najua watu watabisha kwamba mifuko ni gharama ya kudumu, na ni kweli. Lakini mfuko ukijaa unauziba mdomo na kuutupa na kila kitu ndani yake.

Kuhusu wati, nimejifunza kuisoma ile lebo ya nyuma ya mashine. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa wati 1600 kwa vakyumu kuanzia Septemba 2014, ukashusha hadi 900 Septemba 2017. Kwa hiyo mtumba wa Ulaya ulioandikwa wati 2100, anaousifia muuzaji kwa nguvu, umetengenezwa kabla ya hapo, na gasketi zake zina umri huohuo. Kubwa zaidi, angalia volti. Umeme wetu ni volti 230. Jirani aliletewa mashine na ndugu yake kutoka Marekani, ya volti 120, nzuri mno, akaichomeka kwa adapta ya plagi tu. Ilinguruma mara moja kwa sauti ya ajabu, ikatoa moshi, ikawa ndiyo mwisho wake.

Hapa nisimulie kidogo. Mashine hizi za kusimama zina baba, na baba mwenyewe alikuwa na pumu. James Murray Spangler, mfanyausafi wa jengo huko Canton, Ohio, alichoka kukohoa kwa vumbi la ufagio, akaunganisha mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto kama mfuko. Alipata hataza yake mwaka 1908, kisha akaiuza kwa familia ya Hoover. Niliposoma habari hiyo nilimsomea binti. Akauliza kama naye Spangler alikuwa na paka.

Ya pili nilimwagiza shemeji wa Dar aitafute kwa masharti niliyomwandikia: ya kusimama, ya mfuko, filta ya HEPA ndani ya bodi iliyozibwa yote, brashi inayozimika, wati zisizidi 900, na mifuko yake ipatikane hapa nchini. Alipiga simu mara tatu kulalamika kwamba wauzaji wanamshangaa. Iligharimu 540,000, ikapanda basi na vifurushi vingine. Jina la kampuni silitaji, la hii wala la ile, kwa sababu nimeona kampuni ileile ikiuza nzuri na mbovu kwenye rafu moja. Siku ilipofika, kabla ya kunywa chai tulizima taa tukarudia jaribio la tochi. Mwanga ukabaki msafi.

Sasa kasoro zake, maana ninazo. Ni nzito, kilo saba na ushee, na mkono wangu wa kulia unaijua. Haiingii chini ya makochi mafupi, lazima uchomoe bomba. Kwenye vigae ukisahau kuzima brashi, punje za mahindi zilizodondoka kutoka stoo zinarushwa hadi ukutani kama manati. Na kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia: adui mkubwa wa ile rola ni rasta zangu, kuliko Mheshimiwa na watoto wake wote. Uzi mmoja wa rasta unajizungusha pale mpaka mkanda unanuka kuungua. Kila Jumamosi nageuza mashine na mkasi, nakata. Mifuko naletewa kutoka Dar, mmoja na usafiri wake haupungui 9,000, unakaa kama wiki sita. Umeme si kitu: dakika arobaini kwa wati 900 ni uniti 0.6, nikifanya mara mbili kwa wiki ni kama uniti tano kwa mwezi, na kwa tarifa yetu LUKU hiyo ni chini ya shilingi 2,000.

Siku moja dada alitaka kunirahisishia kazi akanyonya jivu lililomwagika kutoka kwenye jiko la mkaa. Bahati lilikuwa limepoa. Jivu usilinyonye hata likiwa baridi, maana kaa moja lililojificha linachoma mfuko na filta kwa pamoja.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tukuyu aliisikiliza inavyounguruma akasema, "Mwanangu, hili ng'ombe lako la umeme linakamuliwa saa ngapi?" Alipoona mfuko uliojaa siku ya kuubadilisha, alinyamaza kidogo, akauliza lile zulia lilifagiliwa lini. Jana yake, mama, na kwa fagio lako.

Utaratibu wetu ni huu. Binti na Mheshimiwa hawakai chumbani mashine inapopita, madirisha wazi, na binti harudi kabla ya saa moja. Napita taratibu, mara mbili sehemu moja, kisha godoro na makochi kwa bomba. Vigae na meza tunavifuta kwa kitambaa chenye maji. Mashuka na foronya yanafuliwa kwa maji ya moto sana kila wiki, na chumbani kwake paka haruhusiwi kabisa, mlango unafungwa. Pampu yake ya kuvutia dawa ya pumu hatujaiweka kabatini, na dawa za daktari zinaendelea kama kawaida. Ila mwaka jana Julai na Agosti aliamka usiku kwa kukohoa karibu kila wiki, mwaka huu miezi hiyohiyo nimehesabu mara tatu. Sisemi ni mashine peke yake, mlango ule wa chumbani nao umefanya kazi.

Ile ya kwanza bado ipo stoo, Mheshimiwa analala juu yake. Mwenye karakana au gari la kusafisha aniambie, bei ya maelewano. Manyoya ya mbwa nimeshayatoa.