Mashine ya uzio wa umeme: nguvu ipo, ethi ni utani

Haya jamani, karibuni tena. Leo nimekasirika kidogo, na aliyenikasirisha ni huyu hapa, mashine ya uzio wa umeme. Volti, juli (yaani nishati ya kila mpigo wa umeme), aina ya betri, vyote vimeandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Mimi nataka mtazame hiki kijiti. Eti ndiyo fimbo ya ethi, yaani chuma cha kupigilia ardhini kinachounganishwa na mashine! Haifiki hata goti langu.

Sikilizeni: tak... tak... tak. Mpigo mmoja kila baada ya sekunde moja hivi. Volti ni maelfu, lakini mpigo wenyewe haumalizi hata sehemu ya elfu ya sekunde, ndiyo maana ng'ombe anashtuka na kuruka pembeni badala ya kuganda kwenye waya. Sasa umeme ukimgusa puani, unashuka miguuni, unaingia ardhini, halafu lazima urudi kwenye mashine kupitia ethi. Usiporudi, mbuzi wako anapita zake anatafuna.

Kamera, sogea, tuipime hii ethi. Nimezima mashine. Niko mita 100 hivi kutoka ilipo, naegemeza vyuma kwenye waya, viguse ardhi. Washa! Tunataka volti za uzio zishuke chini ya 2,000... 1,700, safi. Twende kwenye ethi. Ncha moja ya kipima kwenye fimbo, nyingine ardhini, hatua moja pembeni. Someni hapo. 900! Hapo haitakiwi kuzidi 300.

Zima tena. Nimepigilia fimbo tatu ndefu, zinakaribia urefu wangu, zimeachana mita tatu tatu, zote nimeziunga kwa waya mmoja. Washa... 200. Mashine ni ileile, jamani! Na udongo ukikauka, mwagieni maji hapo kwenye fimbo.

Wale mnaoniuliza kuhusu ile mashine nyingine, ya kijani, kwamba nguvu yake ni ndogo: ndiyo, ni ndogo, lakini fimbo zake ni za maana, na bei haiumi kama hii. Ya sola naichambua video ijayo, kwa hiyo kama hujajiunga na chaneli, jiunge sasa hivi.

Kondoo mwenye manyoya mengi hasikii kitu mpaka pua iguse. Tembo naye ana akili, anakata waya kwa pembe kwa sababu pembe haipitishi umeme vizuri. Wa kuonewa huruma ni kakakuona. Akipigwa na waya wa chini anajikunja kama kawaida yake, anauzungushia mwili, basi anapigwa kila sekunde mpaka anakufa. Kobe naye anaingia gambani, anabaki palepale. Kama wapo kwenu, pandisheni waya wa chini, au uacheni bila umeme. Kitabu cha mashine hii kina kurasa nzima za kusifu juli, kuhusu kakakuona hakuna hata mstari. Hapo nimewakata alama mbili, na ya ethi nimekata tatu.